Moto wa Magnesiamu: Jinsi ya Kuufunika Mpaka Ufe Wenyewe

Kijana alikuwa na nia njema kabisa. Maranda ya magnesiamu yaliyojaa kwenye trei chini ya mashine ya kukereza yalidakwa na cheche, yakaanza kuwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho, naye akafanya alichokizoea tangu utotoni: akachota maji ndoo nzima akayamwagia. Palitokea mlipuko mfupi, na vipande vya moto vikaruka mpaka kwenye mabati. Hakufa mtu. Yeye aliungua mkono, na mimi, mwanafunzi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu mita chache kutoka pale, nikatoka karakana ile nikiwa nimejifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametufundisha darasani.

Mwongozo huu ni kwa wanaokutana na metali za aina hii kazini: wakerezaji, wayeyushaji wa vyuma chakavu, walimu wa Kemia na mafundi wa maabara. Moto wa metali una adabu zake. Ukiujua, kazi yako inakuwa ndogo kuliko unavyodhani: kuuzungushia, kuufunika, kisha kukaa mbali na kuungoja. Usipoujua, kila unachoutupia unakula.

Kwa nini maji ni chakula chake

Magnesiamu (baadhi ya vitabu vya shule huiita magnesi) ina uchu mkubwa wa oksijeni. Kuni zikiwaka huchukua oksijeni iliyo hewani, na ukiziba hewa au ukizipoza zinazimika. Magnesiamu inayowaka haitosheki na ile ya hewani. Inaipora oksijeni hata pale ilipokwisha kufungwa ndani ya kitu kingine, na maji ni mojawapo. Inachukua oksijeni ya maji na kuiachia hidrojeni, gesi inayoshika moto na kulipuka. Juu ya hapo, mwali wa magnesiamu unafika karibu nyuzi 3,000 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayougusa yanageuka mvuke papo hapo na kuitawanya metali iliyoyeyuka pande zote. Ndiyo yale tuliyoyaona kwenye mabati.

Mtungi wa kuzimia moto wenye hewa ukaa (kaboni dioksidi) nao hausaidii. Walimu wa Kemia huonyesha jambo hili kwa utepe mdogo: unauwasha, unaushusha kwenye chupa iliyojaa hewa ukaa, nao unaendelea kuwaka. Ukimaliza unakuta majivu meupe yenye madoa meusi. Meusi yale ni kaboni iliyobaki baada ya magnesiamu kuipora oksijeni. Hata naitrojeni, gesi iliyojaa kwenye hewa tunayovuta na ambayo moto wa kawaida hauishughulikii, magnesiamu inaungana nayo. Mtungi wa povu ni maji yaliyovaa nguo nyingine tu. Na ule wa poda ya kawaida, unaoning'inia karibu kila duka na kila daladala, ulitengenezwa kwa ajili ya mbao, mafuta na gesi. Nguvu ya mpulizo wake peke yake inatosha kurusha maranda yanayowaka ukumbini kote.

Dunia ilikwisha kulipa gharama ya somo hili. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya magari ya Le Mans huko Ufaransa, Mercedes-Benz 300 SLR ya Pierre Levegh iligonga gari jingine na kurukia upande wa watazamaji. Bodi yake ilikuwa ya mchanganyiko wa magnesiamu. Waokoaji walipoimwagia maji, moto ulizidi makali na mabaki yakaendelea kuwaka kwa saa kadhaa. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa, pamoja na Levegh mwenyewe. Wengi waliuawa na vipande vya gari vilivyorushwa kwenye umati, lakini picha ya moto ule unaozidi kila ukimwagiwa maji ndiyo inayosimuliwa mpaka leo na watu wa zimamoto.

Iko wapi huku kwetu?

Iko karibu kuliko unavyofikiri. Bloku ya injini na gia boksi za Volkswagen Beetle za zamani ni magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Misumeno ya mnyororo ya kukatia miti mara nyingi ina mwili wa magnesiamu, na kompyuta mpakato na kamera kadhaa pia. Maabara za sekondari zina utepe wake, na nyingine zina sodiamu na potasiamu zilizozamishwa kwenye mafuta.

Ninaowaogopea zaidi ni ndugu zetu wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria na vipuri, iwe mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi. Magnesiamu na alumini vinafanana kwa macho, na sumaku haivuti hata kimoja. Kijana analeta gunia la chakavu, mzani unasoma, kila kitu kinaingia tanuruni.

Kuzitenganisha ni kazi ya dakika moja. Kwanza uzito: magnesiamu ina gramu 1.74 kwa kila sentimita moja ya ujazo, alumini ina 2.70. Kipande kinachokushangaza kwa wepesi kishuku. Pili, kikwangue kwa kisu au tupa mpaka uone metali safi, kisha dondoshea siki. Magnesiamu itatoa mapovu mara moja, na alumini itakaa kimya. Chupa ya siki ya jikoni karibu na mzani ni bima rahisi kuliko zote ninazozijua.

Kipande kinene cha magnesiamu hakiwaki ovyo. Lazima kipate joto la kukaribia kuyeyuka, yaani nyuzi 650, kwa sababu joto linasambaa kwenye mwili wake wote. Hatari iko kwenye vitu vyembamba: utepe, maranda na vumbi, ambavyo cheche moja inatosha. Vumbi likiwa hewani haliwaki, linalipuka. Agosti 2014, kiwanda cha kung'arisha rimu za magari huko Kunshan, China, kililipuka kwa vumbi la alumini. Watu 75 walihesabiwa wamekufa mwanzoni, na majeruhi waliofariki baadaye waliifikisha idadi 146. Na ile ilikuwa alumini, metali ya sufuria zetu.

Andaa vitu hivi kabla ya siku yenyewe

Kinachofaa zaidi ni mtungi wa daraja D, yaani ule wa kuzimia moto wa metali. Herufi hiyo iwe imeandikwa waziwazi kwenye mtungi, na chini yake zitajwe metali ambazo mtungi huo unazimudu. Mingi ina poda ya chumvi, yaani kloridi ya sodiamu ileile ya mezani, iliyochanganywa na vitu vya kuifanya itiririke na kushikamana. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801, inafanya gamba juu ya metali na kuifungia hewa. Mtungi huu una bomba refu lenye mdomo mpana ili poda imwagike polepole. Ni ghali, na mara nyingi utauagiza kwa wakala. Karakana inayokereza magnesiamu kila wiki haina kisingizio cha kukosa.

Kwa anayeigusa metali hii mara chache, ndoo ya chuma yenye mfuniko, imejaa chumvi laini iliyo kavu kabisa, inatosha kwa moto wa kiasi cha konzi moja au mbili za maranda. Kukauka ndiyo shida. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua chumvi inavyolowa yenyewe ndani ya kopo. Ikaange kwenye sufuria kavu mpaka iache kupasukapasuka, kwa maana ule mlio ni maji yaliyonaswa ndani ya punje yakitoka. Ikipoa, ifungie kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ndani ya ndoo, na uirudie kila baada ya miezi michache.

Mchanga nauweka nafasi ya mwisho, ingawa vibao vingi vya usalama vinautaja wa kwanza. Mchanga una silika, na silika ina oksijeni ambayo magnesiamu yenye joto kali inaweza kuipora. Kwa moto mdogo sana, mchanga safi uliokaushwa juani na kisha jikoni unafanya kazi kwa sababu unaufunika moto kabla haujapata nguvu. Mchanga mbichi ni sawa na maji. Ule wa ufukweni, wenye unyevu na vipande vya makombe, usiuweke kabisa.

Wakerezaji wana njia yao ya zamani: maranda ya chuma cha kalibu yaliyo safi na makavu. Yanafyonza joto na kufunika vizuri. Yakiwa na kutu ni hatari nyingine, kwa sababu kutu ni chuma chenye oksijeni, na magnesiamu itaipora kwa joto la kutisha, kama ile poda inayotumika kuunganishia reli.

Ongeza beleshi la mpini mrefu, glavu kavu za ngozi, ngao ya uso, na miwani ya giza kama ya mchomeleaji. Mavazi ya pamba. Nailoni inayeyukia mwilini. Beleshi likae ndani, lisilowe na mvua, maana tone la maji kwenye chuma kile linatosha kuleta mrusho.

Siku moto ukiwaka

1. Simama. Nasema hivi kwa sababu miguu itataka kukimbilia bomba. Piga kelele: "Moto wa metali, asimwage mtu maji!" Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa watu, na lazima itoke kabla jirani mwenye huruma hajafika na ndoo.

2. Zima feni, bloa ya tanuru na kompresa. Simamisha mashine na funga maji ya kupozea. Usipeperushe chochote. Mlango uliofungwa uache ulivyo, isipokuwa wa kutokea wewe.

3. Amua kama ni moto wako. Mimi natumia kipimo hiki: ukiweza kuufunika kwa ndoo moja na bado una njia ya kutoka nyuma yako, jaribu. Ukishakuwa mkubwa kuliko hapo, au kuna vumbi linaelea, au kuna mtungi wa gesi jirani, toka nje na uite zimamoto, 114 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya. Waambie mapema kuwa ni moto wa metali na uitaje metali yenyewe. Na kama kipande kinawaka juu ya ardhi kavu uwanjani, mbali na kila kitu, kukiacha kiishe ni uamuzi wa mtu mwenye akili, wala si woga.

4. Vaa ngao na miwani, na usiukodolee macho mwali. Mwanga wake unaunguza macho kama wa kuchomelea, na maumivu huja usiku.

5. Anza pembezoni. Weka kwanza ukuta mdogo wa chumvi au poda kuuzunguka moto, ili metali iliyoyeyuka isitambae. Kisha sogeza poda kuelekea katikati, ukiiteremsha kutoka kwenye beleshi kama anayefunika mkaa kwa majivu. Usirushe. Ukitumia mtungi, simama mita 2 au 3, fungua valvu kidogo, acha poda iangukie juu ya moto kama mvua ya rasharasha, na usogee tu unapoona mwali umetulia.

6. Funika unene wa sentimita 3 au zaidi. Patatokea nyufa zenye mwanga mweupe. Hizo ndizo za kuzifuatilia, moja baada ya nyingine, mpaka pasibaki hata moja.

7. Kama metali inawakia juu ya meza ya mbao, usiiache pale. Tandaza poda sakafuni, sentimita 3 hadi 5, ihamishie metali juu yake kwa beleshi taratibu, kisha uifunike tena. Poda hiyo ya chini usiidharau kwenye sakafu ya saruji: saruji ina unyevu ndani, na metali ya joto hilo inaweza kuipasua vipande.

8. Iache. Hapa ndipo wengi wanapokosea baada ya kufanya kila kitu sawasawa. Wanaona giza, wanachokonoa kwa fimbo waone kama umezimika, gamba linapasuka, hewa inaingia na moto unaanza upya mbele ya uso wao. Chini ya gamba lile joto linaweza kukaa muda mrefu. Utepe wa maabara upe nusu saa. Trei ya maranda ipe saa kadhaa, chungu cha kuyeyushia kipe usiku mzima. Weka mtu wa zamu, na wenye kipimajoto cha mbali wakitumie badala ya fimbo.

Kwenye tanuru la kuyeyushia utaratibu ni huohuo, isipokuwa usinyanyue chungu kukikimbiza nje. Nimeona watu wakitaka kufanya hivyo ili "kuokoa paa". Ukijikwaa, umeoga magnesiamu. Kata hewa ya bloa, mwagia chumvi kavu juu ya metali, kisha weka mfuniko mkavu wa chuma kinene, uliopashwa joto kidogo kama inawezekana. Na wala usiongeze chakavu chenye unyevu au makopo yaliyofungwa. Maji kidogo yakizama chini ya alumini iliyoyeyuka yanalipuka kwa mvuke hata kama hakuna punje ya magnesiamu mle ndani.

Metali nyingine si lazima zikubali dawa ileile

Sodiamu na potasiamu ndizo utakazokuta maabara. Sodiamu huwaka kwa mwali wa njano, potasiamu kwa rangi ya zambarau hafifu, na zote mbili zinayeyuka mapema, nyuzi 98 na 63, kwa hiyo ukuta wa poda kuzuia mtiririko ni muhimu kuliko kwa magnesiamu. Poda ya chumvi inazifaa. Soda kavu, yaani kaboneti ya sodiamu, inazifaa pia, na hapa wengine watakumbuka magadi. Subiri kwanza. Magadi ya jikoni, yale mabonge ya kulainishia maharage, yana maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake na hayafai. Yanayofaa ni yale yaliyochomwa kiwandani mpaka maji yakaisha, kama unga unaotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya. Hamira ya soda (bikaboneti ya sodiamu) nayo iache jikoni, kwa kuwa ikipata joto inatoa maji na hewa ukaa, vile viwili tulivyokwisha kuvikataa.

Potasiamu ya zamani iliyoota gamba la njano usiikate wala kuikwangua. Gamba hilo linaweza kulipuka likisuguliwa na kisu. Mwalimu anayeikuta kwenye kabati aliloachiwa aifunge kabati na kuita mtu wa kemikali.

Lithiamu halisi, yenye mwali mwekundu, inahitaji poda ya grafiti au ya shaba. Poda ya shaba ilibuniwa na jeshi la majini la Marekani kwa ajili hiyohiyo, na hutumika hata kwa lithiamu iliyomwagika kwenye ukuta wima kwa sababu inanata. Chumvi si chaguo lake. Titaniamu na zirkoniamu zinafuata utaratibu wa magnesiamu, ila ni kaidi zaidi, na vumbi lake linahitaji wataalamu.

Sasa betri, kwa sababu swali hili halikosi. Betri ya simu, ya pawabenki au ya pikipiki ya umeme inaitwa ya lithiamu, na watu wanadhani inahitaji mtungi wa daraja D. Siyo. Ndani yake lithiamu iko kwenye chumvi na misombo, si bonge la metali, na kinachoendesha moto ni joto linaloruka kutoka seli moja kwenda nyingine. Hapo maji mengi, kwa muda mrefu, ndiyo dawa, maana yanapoza. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo kama iko ndani ya nyumba toa watu kwanza.

Na ukiwaona zimamoto wakimwagia maji gari lenye sehemu za magnesiamu, usiwaite wajinga. Wanasimama mbali, wana mavazi kamili na maji ya lori zima, wanapoza kila kitu kinachozunguka na wanakubali zile cheche. Katika Vita vya Pili vya Dunia, walinzi wa moto wa London waliokabiliana na mabomu ya kilo 1 ya magnesiamu walikuwa na ndoo za mchanga pamoja na pampu ndogo za mkono zenye manyunyu. Manyunyu yaliifanya metali iwake haraka iishe, huku yakizuia nyumba isishike. Ilikuwa hesabu ya vita. Wewe mwenye ndoo moja karakanani huna hesabu hiyo.

Baada ya kupoa

Mabaki yakiwa baridi kweli, yakusanye yakiwa makavu kwenye ndoo ya chuma, uiweke nje palipo na hewa, na mfuniko usiubane. Metali iliyobaki ikipata unyevu inatoa hidrojeni, na ndoo iliyobanwa inakuwa bomu la polepole. Usitupe kwenye pipa la taka wala mtaroni. Ukisikia harufu kali kama ya mkojo uliokaa, usishangae: ile sehemu ya magnesiamu iliyoungana na naitrojeni hutoa amonia inapoguswa na unyevu. Mabaki ya sodiamu na potasiamu yana mtu wake, mkemia, ambaye atayamaliza kidogokidogo kwa spiriti isiyo na maji.

Mtu aliyeungua umpe utaratibu tofauti kidogo na ule wa maji ya moto. Kwanza ondoa vipande vya metali vilivyoko juu ya ngozi vikiwa vikavu, kwa kibano au kwa brashi, hasa sodiamu na potasiamu ambazo zitaanza kuwaka upya zikikutana na maji au jasho. Kama huwezi kuvitoa vyote, vifunike kwa mafuta mazito ya madini na umkimbize hospitali. Vikishatoka vyote, sasa maji ya bomba yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Kipande cha magnesiamu kilichozama ndani ya nyama usikichimbue mwenyewe. Kitatolewa na daktari, na umwambie ni metali gani, kwa sababu kikiachwa mle ndani kitatoa gesi chini ya ngozi na kidonda hakitafunga.